Taa Haijui Zamu

Kwenye lango la ghala nililolinda, pale eneo huru la uwanja wa ndege Dubai, kulikuwa na kisanduku cheupe ukutani chenye kitufe kimoja na taa mbili. Kila mfanyakazi aliyemaliza kazi alibonyeza kitufe kabla ya kutoka. Ikiwaka kijani, anakwenda zake. Ikiwaka nyekundu, anaingia nyuma ya pazia kukaguliwa, wanaume na mwenzangu, wanawake na mimi. Ghala lilihifadhi manukato, vichupa vidogo vya bei ya kutisha ambavyo mtu angeweza kuvificha ndani ya soksi. Kampuni haikutaka askari achague wa kukaguliwa, maana askari ana marafiki na ana anaowachukia. Taa haina. Ndivyo tulivyoambiwa tulipofunzwa kazi, na mimi niliona ni haki kabisa.

Wafanyakazi walikuwa na elimu yao kuhusu taa hiyo. Ikishawaka nyekundu walisema imeshiba, na hapo hapo foleni ilivurugika, kila mtu akitaka kusimama nyuma ya aliyeliwa, kwa sababu iliyoshiba haiwezi kula tena papo hapo. Zikipita kijani nyingi mfululizo walisema ina njaa, na watu walianza kukumbuka kwamba wamesahau leso ndani. Kuna aliyebonyeza kwa kiwiko. Kuna aliyefuta kitufe kwa shati kwanza, kama mtu anayefuta kijiko cha hoteli asiyoiamini. Mkenya mwenzangu wa pale langoni, mtu wa Kakamega asiyejua kunyamaza, aliwachochea: "Leo hii kitu ina njaa mbaya, walai. Jipangeni!" Nami nilicheka pamoja nao. Baada ya kusimama kutwa nzima kwenye sakafu ya saruji, mtu hucheka chochote.

Kati ya wafungashaji alikuwepo Mganda mmoja, mkubwa wetu sote kwa umri, ambaye hata Wafilipino walimwita Maama. Mimi na yeye tulilala chumba kimoja mtaani Karama, wanawake sita kwenye vitanda vya juu na chini, jiko moja na choo kimoja. Alikuwa mlokole, wa wale ambao ukimpa salamu anakujibu kwa kumsifu Bwana kwanza. Alipika mchuzi wa karanga uliotufanya Wakenya tusahau sukuma wiki. Mimi aliniita muwala, yaani binti kwa Kiganda chao, na nikikasirika, jambo ambalo halikuwa la nadra, alinishika kidevu na kuniambia, "Muwala, hiyo hasira utaila na nini?" Sikuwa na mama aliye hai wakati huo. Nasema hivyo ili ieleweke alikuwa nani kwangu.

Mwaka huo taa ilimpenda. Sijui niseme vinginevyo vipi. Alikuja Jumapili akapata nyekundu, Jumatatu akapata tena, Jumanne ikamwacha, Jumatano ikamrudia. Mwanzoni tulifanya mzaha. Nikivuta pazia anasema, "Tunakutana tena hapa, muwala, kama wachumba." Ninampapasa mikono, mgongo, viuno, anavua viatu, anatikisa soksi, tunamaliza. Hakuwahi kuwa na kitu zaidi ya kitabu kidogo cha nyimbo na pipi za mnanaa. Lakini juma lililofuata ikawa hivyo hivyo, na lile la baadaye pia, na nikaona ameacha kutania. Akiingia nyuma ya pazia alitazama ukutani. Mwanamke wa umri wake kuinua mikono mbele ya mtoto anayekula chungu chake, na nje watu wanasubiri kuona atatoka na uso gani, si jambo la kuzoeleka.

Kisha katikati ya kiangazi, joto likiwa limekaba hata ndege wa angani, taa ikafa. Msimamizi wetu, ambaye wote tulimwita sir, aliniambia mpaka itengenezwe nichague mimi. "Random, sister," akasema. "Bila mpango. Hapa mmoja, pale mmoja, yeyote." Mwenzangu aliikimbia kazi hiyo mara moja, akadai yeye ana huruma na sura za watu. Kwa hiyo kila jioni nilisimama mlangoni na kunyoosha kidole: wewe, na wewe, na wewe kule nyuma.

Nilijiona hodari sana. Niliruka huku na huku, mara mwenye kofia, mara mwenye miwani, mara wawili wa mwisho nikawaacha ili wasiseme nimezoea kushika wa mwisho. Aliyekaguliwa jana sikumgusa leo. Nikishamtoa mtu, jirani yake kwenye foleni alipita salama. Nilikuwa nafanya kama mama anayepakua wali, hampi mtoto kipande cha pili cha nyama kabla wengine hawajapata cha kwanza. Sikuwa nimefikiri kwamba nafanya hivyo, mkono wenyewe ulikwenda. Tumelelewa kwa zamu. Kwetu zamu ya kuteka maji, zamu ya kuchunga, zamu ya kulala karibu na ukuta. Na pale Karama zamu ya choo, zamu ya jiko, zamu ya kufagia, na ole wako uruke yako. Mtu akituambia tutende haki bila mpango, tunampa zamu tukijitahidi tu isionekane kuwa ni zamu.

Watu walifurahi. Waliniambia mimi ni bora kuliko mashine, sibagui. Foleni ilitulia, viwiko vikapumzika. Maama naye katika muda ule wote alikaguliwa kama wengine, mara chache, kwa nafasi yake, na akaanza tena kuimba akipika. Lau taa ingebaki imekufa, nisingekuwa na cha kuandika.

Ilitengenezwa. Jioni ya kwanza tu Maama alibonyeza, nyekundu. Ya pili, nyekundu. Ya tatu aliomba wenzake wampishe apite nyuma ya kijana aliyetoka kuliwa, kwa sababu imeshiba. Wakampisha kwa heshima ya umri, akabonyeza, nyekundu. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi mdogo. Ya nne alihama tena foleni, akabonyeza kwa mkono wa kushoto, midomo ikisema maneno ya sala. Nilimwona nikatamani kufumba macho. Nyekundu.

Siku hizo hizo, kwenye hesabu ya ghala, makatoni kadhaa ya manukato hayakuonekana.

Kuna methali tunayoipenda mno, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeichukia tangu wakati ule. Hakuna aliyesimama akasema Maama ni mwizi. Walisema tu: mashine haina rafiki, mashine haikosei, kwa nini kila mara yeye? Walisema pengine ile taa ina kitu ndani kinachonusa. Walioshinda wakigombea kusimama nyuma ya mtu aliyeliwa, watu wa kiwiko na wa kufuta kitufe, ghafla wakawa wataalamu wa mitambo. Sir akatazama picha za kamera, akamwona akihamahama kwenye foleni. Hakuna mtu katika ghala lile ambaye hakuwahi kuhama foleni. Lakini aliyehama akiwa tayari anatazamwa, huyo anakwepa.

Sir aliniita ofisini. Aliniuliza kama ni kweli nalala chumba kimoja na yule mama. Nikasema ndiyo, sir. Akauliza imekuwaje taa ikichagua anapatikana kila mara, na mimi nikichagua hapatikani. Nilimjibu kwamba taa ikichagua pia hapatikani na kitu, nimempapasa mwenyewe, hana hata sindano. Akanitazama kwa upole ulionichoma kuliko tusi, akasema, "Maybe she is clever, sister." Ukikutwa na kitu wewe ni mwizi, usipokutwa wewe ni mwizi mjanja. Mnyonge hana haki, walisema wazee, na kwa hilo walisema kweli. Nilitoka pale nikamfokea mwenzangu ambaye hakuwa amefanya lolote ila kuniuliza kama nimeshakula.

Nyumbani mambo yalikwenda kimyakimya. Msichana wa kitanda cha juu alinunua kufuli dogo la kabati. Akasema ni kwa sababu ya mende. Mwingine akaanza kubeba sabuni yake kwenda na kurudi chooni. Maama aliona yote. Alikuwa na kazi kanisani, kila Ijumaa, ambayo kule ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada, alishika kikapu cha sadaka upande wa akina mama, na kwa kazi hiyo alinyoosha blauzi yake nyeupe tangu Alhamisi. Ijumaa moja akina mama walimwambia apumzike kidogo, amechoka, ampe mwingine nafasi. Mtu mmoja wa ghala letu alikuwa akisali huko pia. Maama aliporudi alitundika blauzi, akakaa kitandani, akaniuliza, "Banange, muwala, hata nyumbani kwa Mungu taa imefika?"

Kupoteza kazi hakukumtisha hivyo. Alikuwa ameshafanya kazi miaka mingi mahali pengi, alianza kwa kufua na kulea watoto kwenye villa moja ya Al Warqa, na alisema kazi ni kazi, ikiisha hii inakuja ile. Alichotaka kilikuwa kimoja tu, asirudi kwao na jina lililochafuka. Pale Dubai walikuwepo watu wa wilaya yake, na habari za aibu hupanda ndege kabla ya mwenyewe. Mkataba wake ulikuwa ukingoni. Sir alisema ataamua kama utaongezwa baada ya fundi kuja kuthibitisha kwamba hakuna aliyeichezea mashine.

Fundi akaja. Nilitarajia mtu wa kuzungumza naye Kiingereza cha kuparamia, kumbe ni Mzanzibari, wa zile familia zilizokuja zamani wakapata uraia, mtu mzima mwenye ndevu za mviringo na Kiunguja cha kuteleza. "Dada yangu, hujambo? Nasikia taa yenu imekuwa na chuki na watu." Nilimpenda hapo hapo. Alifungua kisanduku, akachomeka vyombo vyake, akapima, akafunga. "Kizima hiki. Hakina ila hata chembe. Mtu mmoja kwa kila watano sita, na hakimjui mtu."

Nikamwambia habari ya Maama. Nilimwambia nyekundu hizo zilivyofuatana, na kwamba nilipochagua mimi hazikufuatana. Akatabasamu, si kwa dharau, kwa namna ya mtu aliyeulizwa swali analolipenda. Akamwita sir naye aje atazame. Alirarua katoni vipande viwili. Kimoja akanipa mimi, akaniambia nijifanye mashine: niandike kijani na nyekundu kwa kadiri ninavyoona ingetoa, mpaka kipande kijae. Kingine akampa mwenzangu, abonyeze kitufe kwelikweli na aandike kinachowaka. Yeye akaenda kunywa chai karaki kwenye kigari cha nje.

Niliandika kwa bidii, nikijitahidi nisifuate mpango. Kijani nne, nyekundu. Kijani sita, nyekundu. Kijani tatu, nyekundu. Nilijipongeza kwa zile sita. Fundi aliporudi, tulimpa vipande viwili bila kumwambia kipi cha nani. Hakuchukua hata muda wa kumeza chai. Akainua changu, "Hiki cha mtu." Akainua kile cha mwenzangu, ambacho kilikuwa na nyekundu tatu zilizoshikana, kisha kijani zisizokwisha, kisha nyekundu mbili tena, kama maandishi ya mlevi. "Hiki cha mashine."

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Mtu huona haya kurudia, dada. Akishasema nyekundu, hawezi kusema nyekundu tena, anaona ataambiwa mwongo. Anaitawanya, anaigawa sawasawa. Mashine haina haya hiyo. Haikumbuki ilichosema sasa hivi." Akageukia sir, akamweleza kwa Kiingereza, halafu akanirudia. "Watu wangapi wanatoka mlango huu kila siku? Wengi, tena mwaka mzima. Basi hapana budi mmoja wao apate nyekundu za kufuatana mpaka aone karogwa. Asingekuwa huyo mama, angekuwa mwingine. Angekuwa hata wewe, lau nawe ungekuwa unabonyeza."

Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Nilimtazama sir nikidhani mambo yamekwisha. Naye alikuwa amefurahi kweli, alivishika vile vipande vya katoni na kuvitazama huku na huku, akacheka, akasema vizuri sana, vizuri sana. Kisha akauliza, "But why her?"

"Kwa sababu ilibidi awe mtu," fundi akajibu.

"Basi ndiye yeye," sir akasema. "Khalas. Yalla, turudi kazini."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alielewa kila kitu kwa kichwa, kisha akaangalia foleni na kumwona mwanamke aliyetiwa alama, na kichwa hakikumsaidia. Mkataba haukuongezwa. Hawakuandika sababu. Miezi baadaye ikajulikana kwamba makatoni yale yalikuwa yamepakiwa kwa makosa kwenye mzigo wa mteja mwingine, yakaenda na kurudi, na sikusikia mtu akitamka jina la Maama, wala yule wa kufuli hakulitoa kufuli.

Siku yake ya kuondoka ilikuwa Ijumaa. Wenzetu walikuwa kanisani, chumba kilikuwa chetu wawili, jua la adhuhuri limebandikwa dirishani. Nilikuwa nimemletea kitu kimoja, na nilikihifadhi siku kadhaa nikisubiri tuwe peke yetu. Nilitaka aondoke akijua. Nilikaa sakafuni kando ya sanduku lake, nikamweleza yote: fundi, katoni, kijani zangu nne na sita, nyekundu za mashine zilizoshikana. Nilimwonyesha kwa vifungo vya blauzi, nikivipanga sakafuni. Nilimwambia mtu hupenda zamu na taa haijui zamu. Nilimwambia hapana budi mmoja apate, na yeye ndiye aliyeipata, kama bahati ya mtende kuota jangwani, ila hii ilikuwa ya kinyume.

Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika viatu vya mjukuu alivyonunua soko la Karama. Hakuwa mtu wa kukatiza.

"Kwa hiyo hakuna mtu," akasema.

"Hakuna, Maama. Hakuna aliyekuchukia. Hakuna hata mmoja aliyekuwekea mkono."

Nilingoja ashukuru, au alie kidogo na kupumua. Akavitia viatu ndani ya sanduku, akavitoa, akavitia upande mwingine.

"Muwala, mimi nimefunga kula, nimeomba. Unajua niliomba nini? Nilimwomba Mungu anipe moyo wa kusamehe huyo mtu. Nilisema labda ni sir, nikamsamehe sir. Nilisema labda ni huyo mwenzako, anacheka sana, labda anabonyeza kitu chini ya meza, nikamsamehe. Siku moja nilisema labda ni wewe."

"Mimi, Maama?"

"Mkono ulionishika ulikuwa wako. Nikakusamehe na wewe, nikalala vizuri siku hiyo." Alifunga kifuniko cha sanduku, akakaa juu yake ili nivute zipu, kwa maana lilikuwa limejaa kupita kiasi. "Nilitaka kwenda nyumbani hivyo. Wakiniuliza, niseme mtu alinifanyia vibaya na nimemsamehe. Hilo hata mtoto anaelewa. Sasa niende niwaambie nini? Taa?"

Nilivuta zipu mpaka kona, ikakwama, nikavuta tena. Mimi niliyekuwa na jibu la kila mtu, nilishika zipu ile kama ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Akaniwekea mkono kichwani, mkono uliokuwa na harufu ya karanga na mafuta ya kujipaka.

"Ulifanya vizuri kunitafutia ukweli," akasema. "Lakini ungeniachia tu huyo mtu."